Baiskeli za Port Bell

Baiskeli iliingia Kampala kwa njia ya maji. Kabla ya mwaka 1931, reli ya kutoka pwani ilipopita Jinja na kufika mjini moja kwa moja, bidhaa za dukani zilisafiri kwa hatua tatu: meli ya bahari hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, kisha stima ya ziwani hadi upande wa Uganda. Moja ya magati yaliyopokea shehena hiyo lilikuwa Port Bell, kwenye Ghuba ya Murchison, kilomita kumi hivi kutoka katikati ya Kampala. Baiskeli ilisafiri ikiwa imefunguliwa: fremu huku, magurudumu kule, nati na bolti kwenye mfuko wake. Aliyeiona kwa mara ya kwanza ikiwa baiskeli kamili hapa nchini ni yule aliyeiunga. Kwa sababu hiyo historia ya chombo hiki mjini Kampala inawahusu mafundi kuliko inavyowahusu wapanda baiskeli, ingawa vitabu vichache huieleza hivyo.

Bandari yenyewe ina asili ya huzuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa na katika visiwa vyake. Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1906 hadi 1909, aliamuru wakazi wa ufukoni wahamishwe mbali na mbung'o. Vijiji vya wavuvi vilibaki mahame, mitumbwi ikakatazwa kutia nanga. Ni katika miaka hiyohiyo gati lilipojengwa Luzira kwa ajili ya stima za kutoka Kisumu, kama Winifred, Sybil na Clement Hill, na mwaka 1908 likapewa jina la gavana huyo. Leo wengi hulitamka jina lake bila kumjua, wanapoagiza bia.

Kutoka gatini hadi mjini palikuwa na vilima na vinamasi, na kwa miaka kadhaa mzigo ulikwenda kichwani mwa mpagazi au kwenye mkokoteni. Lakini Buganda ilikuwa na kitu ambacho maeneo mengi ya bara hayakuwa nacho: barabara. Tangu kabla ya ukoloni, njia pana zilizonyooka ziliunganisha ikulu ya Kabaka na makao ya machifu, zikipanda kilima na kushuka upande wa pili bila kuzunguka. Watu wa kila eneo walizifyeka na kuzitengeneza kwa kazi ya pamoja iitwayo bulungi bwansi, yaani uzuri wa nchi. Udongo mwekundu uliokanyagwa na nyayo kwa miaka mingi ulikuwa mgumu na uliosawazika. Winston Churchill, aliyezuru Uganda mwishoni mwa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba katika Afrika ya kati hakuna usafiri bora kuliko baiskeli, hata kama njia ina upana wa futi mbili tu. Aliona maofisa karibu wote wanazo, na machifu wameanza kuzinunua.

Machifu walikuwa mwanzo tu. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda iligawa mbegu za pamba, na ndani ya miaka michache mkulima wa kawaida alikuwa na fedha taslimu mkononi kila msimu. Fedha hiyo ililipa kodi kwanza, kisha ikanunua nguo, bati la kuezekea, na baiskeli. Duka la Mhindi lililopokea pamba mlango mmoja liliuza baiskeli mlango wa pili. Si kutia chumvi kusema kwamba kwa kizazi cha miaka ya 1920, kijana aliyepita barabarani akipiga kengele alikuwa ametangaza kwamba anaweza kuoa.

Jina nalo lina hadithi yake. Waganda waliita chombo hicho ggaali, neno lililotoka India kwa maana ya kitu chochote cha magurudumu, na ambalo Waswahili wanalo kama gari. Mswahili alilipeleka kwenye motokaa. Mganda alilibakiza kwenye baiskeli. Treni ilipofika ikaitwa eggaali y'omukka, chombo cha moshi, sawasawa na gari la moshi la Waswahili. Baiskeli ina pia jina la utani, maanyi ga kifuba, nguvu za kifua, ambalo anayetoka Port Bell kwenda mjini na mzigo haoni utani wowote ndani yake.

Treni hiyo ilianza kukimbia kati ya Port Bell na Kampala mwaka 1915. Kwa miaka 16 bandari ikawa mlango mkuu wa mji: pamba na kahawa zilitoka, nguo, saruji, mabati na makasha ya madukani yakaingia. Kisha, mwaka 1931, reli ya kupitia Jinja ilipofika, mlango ukahamia stesheni ya Kampala na gati likapungukiwa na kazi. Port Bell haikufa, ila ilibadilika kutoka mlango wa nchi kuwa kitongoji cha wafanyakazi. Gereza kuu la Luzira lilikuwa limekwisha kujengwa jirani katika miaka ya 1920. Mwaka 1946 kiwanda cha bia cha Uganda Breweries kilianzishwa hapo hapo ufukoni, na bia yake iliyozinduliwa mwaka 1950 ikachukua jina la Bell. Askari magereza, makuli wa gatini, watu wa reli na wa kiwandani walitoka makabila mengi, na lugha iliyowakutanisha mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Waliishi Luzira, Kitintale, Nakawa na vijiji vya Kyadondo vilivyo mbali zaidi. Kwa kiwanda chenye zamu, saa za kazi hazingojei basi. Baiskeli ndiyo iliyokuwa basi.

Baiskeli waliyoipanda ilikuwa ya aina moja hasa, hata kama majina yalitofautiana: Raleigh ya Nottingham, na BSA, Hercules na Phillips za Birmingham. Baada ya uhuru zikaja pia Hero ya Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai, zilizoiga umbo lilelile. Umbo hilo ni matokeo ya miaka michache ya ugunduzi mwishoni mwa karne ya 19, John Kemp Starley alipounda mwaka 1885 baiskeli ya magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na yenye mnyororo wa kuendesha gurudumu la nyuma, na John Dunlop alipotengeneza mpira wa kujazwa upepo mwaka 1888. Baada ya hapo chombo kilibadilika kidogo sana. Magurudumu yake ni ya inchi 28, makubwa ili yavuke shimo badala ya kutumbukia. Mabomba ya fremu yamelala nyuma kidogo na uma wa mbele umechomoza, hivyo mtikisiko wa barabara mbovu hupotea njiani kabla ya kumfikia mpandaji. Breki hazina waya; ni fito za chuma zinazovuta vipande vya mpira kwenye ukingo wa ndani wa rimu, na zinaweza kutengenezwa kwa nyundo na koleo. Katika mtindo wa Kiingereza gurudumu la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa sababu uzito hukaa nyuma. Baadhi zilikuwa na kava lililofunika mnyororo wote, likizuia tope la masika.

Mhandisi wa Nottingham alimfikiria mtu mmoja, pengine na mkoba. Port Bell ilimpa mzigo mwingine. Ndizi za matoke hufungwa mikungu kadhaa kwa pamoja, miwili ikining'inia pembeni na mingine ikilazwa juu ya keria. Maji hubebwa kwa madumu ya lita 20, na madumu manne ni kilo 80 kabla ya kumhesabu mwenye baiskeli. Mkaa, kuni, mabati na makreti ya chupa vyote vimepita barabara hiyo juu ya magurudumu mawili. Fremu ya chuma ilihimili. Kilichoshindwa ni keria, uma wa mbele na spoki, na hapo ndipo fundi wa Kampala alipoanza kusanifu.

Keria ya kiwandani, ya fito nyembamba, ilitupwa. Mahali pake pakawekwa ya nondo, ileile ya kujengea nyumba, iliyokunjwa na kuchomelewa, ikishuka kwa miguu minene hadi kwenye ekseli ya nyuma. Uma wa mbele uliongezewa fito mbili kutoka ekseli hadi chini ya usukani, ili usipinde baiskeli inaposhuka mteremko na mzigo. Fremu iliyopasuka penye maungio ilivishwa kipande cha bomba na kuchomelewa. Viwanda vingine vya India na China vilikuja kutoa fremu yenye mabomba mawili ya juu kutoka kiwandani. Stendi ya pembeni haikufaa, kwa kuwa baiskeli yenye kilo 100 haiegemei upande mmoja. Ikawekwa ile ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Pedali za mpira zilipochakaa zikachongwa za mti. Kamba za kufungia zilikatwa kutoka tyubu kuukuu, kwa sababu katani hulegea mzigo unapotikisika lakini mpira huufuata. Tairi lililokwisha kabisa likawa ndala, zile Waganda waziitazo lugabire, na mara nyingi kisigino cha ndala hizo ndicho kilichokuwa breki, kikikandamizwa kwenye gurudumu. Tairi likasimamisha tairi.

Kwa jicho la msanifu wa viwandani haya ni maraka. Lakini ukizingatia kila badiliko na sababu yake, unaona chombo kipya. Baiskeli ya Kiingereza ilimbeba mtu. Hii ni mkokoteni mwembamba ambao mtu anaweza pia kuupanda ukiwa mtupu. Wakongo wa Goma walikwenda mbali zaidi wakachonga chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali kabisa, kwa hoja ileile: kwenye mlima mkali, mwenye mzigo hapandi, anasukuma.

Fundi mwenyewe hakuwa na karakana. Mti wa kivuli kando ya barabara ulimtosha, na kisanduku cha mbao kikiwa kiti na ghala kwa pamoja. Ndani yake mlikuwa na spana chache, nyundo, koleo, tupa, bisibisi, pampu, kopo la solusheni, na chupa ya mafuta yaliyokwisha kutumika kwenye injini ya gari. Kazi iliyomlisha kila siku ilikuwa pancha. Tairi hung'olewa kwa mikia ya spana, tyubu ikajazwa upepo na kuzamishwa kwenye karai la maji, na viputo vikaonyesha tundu. Pahali hapo hukaushwa, hukwaruzwa kwa tupa, hupakwa solusheni na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Hapo ndipo mwanafunzi hukosea: akiharakisha, kiraka kitashika leo na kuachia kesho. Kwa tundu kubwa kuna kiraka cha moto, kinachobanwa kwenye chuma chenye joto mpaka mpira uyeyuke na kuungana. Tairi lililochanika halitupwi. Hushonwa kwa uzi mnene na kuwekewa kipande cha tairi jingine kwa ndani.

Lakini fundi hupimwa kwa rimu. Gurudumu lililopinda huwekwa baiskeli ikiwa imegeuzwa juu chini, likazungushwa polepole, na kipande cha chaki kikashikwa karibu na ukingo. Palipoguswa na chaki ndipo palipoegemea. Spoki za upande mmoja hukazwa robo mzunguko, za upande wa pili hulegezwa robo, na gurudumu huzungushwa tena. Mwishoni fundi hupitisha kidole kwenye spoki moja baada ya nyingine kama mpiga zeze na kusikiliza. Inayotoa sauti nzito imelegea, inayolia kwa ukali itakatika mwinuko wa kwanza. Kazi hii hujifunzwa kwa kukaa miaka kando ya mwenye kuijua. Vitongoji vya Katwe na Kisenyi vilijaza mji mafundi wa namna hiyo, na ustadi wa Katwe wa kutengeneza upya kitu chochote cha chuma ukawa methali mjini, wakati mwingine kwa sifa na wakati mwingine kwa kejeli.

Ustadi huo uliokoa mji baada ya 1972. Agosti ya mwaka huo Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na pamoja nao ukaondoka mtandao wa maduka ulioleta baiskeli na vipuri tangu enzi za pamba. Rafu zilibaki tupu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli kubwa zilizobeba mabehewa ya treni ziwani tangu miaka ya 1960, Uhuru na Umoja, zikabaki mikononi mwa Kenya na Tanzania. Port Bell ikawa gati lisilo na meli ya kulitosha hadi Uganda ilipopata za kwake, zikiwemo Kabalega na Kaawa, katika miaka ya 1980. Petroli ilikuwa adimu, magari yalilala juu ya matofali. Katika miaka ya magendo, mwenye baiskeli iliyo nzima alikuwa na usafiri kuliko mwenye Mercedes, na baiskeli mbili mbovu zilizaa moja nzuri chini ya mti wa fundi.

Magendo hayohayo yalikuza biashara iliyokuja kuibadilisha Kampala kuliko sheria yoyote ya barabarani. Huko Busia, mpakani na Kenya, kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine kuna umbali ambao magari hayakuruhusiwa kuupita bila hati. Tangu miaka ya 1960 vijana walibeba abiria na mizigo nyuma ya baiskeli, wakinadi kwa Kiingereza cha mpakani kwamba wanakwenda kutoka boda hadi boda. Keria ilitandikwa sponji, ikavikwa ngozi ya bandia yenye rangi kali, wengine wakaongeza shada za nyuzi na kioo. Ilikuwa kazi ya mshona viti na mchomelea vyuma kwa pamoja, na kila mji ulikuwa na mtindo wake. Abiria wa kike aliketi upande, miguu yote pamoja, kwa kuwa heshima ya Buganda na majirani zake haikumruhusu kutanua. Na kwa sababu hiyohiyo wasichana wengi walijifunza kubebwa lakini hawakujifunza kuendesha. Hilo ni pengo ambalo wanahistoria wa baiskeli wa Uganda hawawezi kulipita kimya.

Boda boda ya pedali ilienea Jinja, Iganga, Tororo, Mbale, Soroti na Lira, miji iliyo tambarare kiasi. Kampala na vilima vyake iliishi nayo muda mfupi tu. Amani iliporudi baada ya 1986, pikipiki za mtumba ziliingia, kisha pikipiki mpya za India, na katika miaka ya 1990 zikatwaa abiria wa mji, pamoja na jina. Leo ukisema boda Kampala hakuna anayefikiria pedali.

Huko Port Bell baiskeli ilirudi kwenye mzigo, na mzigo wa ufukoni ni samaki. Sangara, aitwaye mputa kwa Kiganda, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kukua kuliko alivyotarajiwa. Mchuuzi alimfunga samaki mmoja mkubwa juu ya keria, kichwa upande huu na mkia upande ule, akapita naye mitaani kabla jua halijakaza. Biashara ya kuuza minofu ya sangara Ulaya ilipochanganya, malori ya barafu yaliwanyang'anya wachuuzi samaki wakubwa. Waliobaki na baiskeli walibeba ngege wadogo, dagaa waitwao mukene, na mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, ile ambayo Kisumu huitwa mgongo wazi. Bandari nayo ilipata pigo Mei 2005, Kabalega na Kaawa zilipogongana na Kabalega ikazama. Umoja ya Tanzania ilirejea gatini na mabehewa yake mwaka 2018.

Kuna wengine waliogeuza baiskeli isiende popote. Mnoa visu wa Kampala huiinua yake kwenye stendi, akafunga ukanda kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye jiwe la mviringo lililopachikwa mbele ya tandiko, akaketi na kupiga pedali papo hapo huku cheche zikiruka. Akimaliza mtaa, anafungua ukanda na kuendesha hadi mtaa mwingine. Ni karakana na usafiri katika chombo kimoja, na pengine ndiyo ubunifu safi kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Baiskeli nyingi zinazouzwa sasa huunganishwa hapa hapa Kampala, hasa zile za Roadmaster, kwa umbo lilelile la inchi 28. Sambamba nazo imezuka karakana ya Boogaali, inayounda fremu kwa mianzi na kuimarisha maungio kwa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Waganda wamekipiga kwa nyundo za mbao kwa karne nyingi na ambacho UNESCO imekiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia zisizoshikika. Ni baiskeli nzuri kuitazama, na bei yake haimhusu mchuuzi wa mukene.

Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ya kwanza ya aina yake nchini, ikikiri kwamba waendao kwa miguu na kwa baiskeli wamesahauliwa katika ramani za barabara. Mamlaka ya jiji ilichagua Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kuwa njia ya majaribio. Njia hizo ziko upande wa masoko, magharibi ya kituo cha reli. Anayetoka gatini Luzira na mzigo wake hazimfai. Yeye bado anasukuma mwinuko wa Kitintale ubavuni mwa malori, kwenye keria ya nondo.